Fikra, dhamiri na uhalifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, walimu, wazee wa Nyumba Kumi, wachungaji na vijana wanaotuuliza maswali haya Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma, mara nyingi baada ya kesi, na mara nyingine baada ya mazishi. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

Mtu anayeiba au anayeua huwa hajui kwamba anafanya vibaya?

Anajua. Karibu wote wanajua. Kaa na kijana aliyekamatwa kwa kupora simu Kondele umuulize kama ni sawa mtu ampore mamake. Atakuambia si sawa, tena atakasirika kwa kuulizwa. Mwizi wa ng'ombe hataki zizi lake lifunguliwe usiku.

Gresham Sykes na David Matza, wasomi wa Marekani, waliliandika jambo hili mwaka 1957. Wakati huo wengi waliamini kwamba vijana wahalifu wana maadili yao wenyewe, yaliyo kinyume na ya jamii. Sykes na Matza wakasema sivyo. Kijana huyo anazikubali kanuni zile zile tunazozikubali, ila amejifunza kuziweka kando kwa muda. Kabla ya tendo hujiambia neno linalompa ruhusa, na baada ya tendo hujiambia tena ili apate usingizi. Kama angekuwa hajui kwamba ni vibaya, kisingizio kingekuwa cha nini?

Msingi wa kila tunaloandika hapa ni huo. Ukimhubiria mtu kwamba wizi ni dhambi, unamwambia analolijua tangu utotoni. Kinachotakiwa kuguswa ni ile ruhusa anayojipa.

Ruhusa hizo ni zipi?

Sykes na Matza walitaja tano. Keti kortini Nakuru au Winam asubuhi moja, kwenye benchi la nyuma, na huenda ukazisikia zote kabla ya saa sita.

Ya kwanza ni kukana wajibu: ni shetani, ni pombe, ni marafiki, nilisukumwa. Ya pili ni kukana madhara. Anayeng'oa nyaya za transfoma husema ni mali ya serikali, haimuumizi mtu, huku kijiji kizima kikibaki gizani pamoja na zahanati yenye friji ya chanjo. Ya tatu ni kumkana aliyeumizwa: alistahili, alijitakia, alinichokoza. Wanaume wengi wanaopiga wake zao wamejificha hapo kwa miaka mingi, na jamii imewasaidia kujificha.

Ya nne ni kuwahukumu wanaohukumu. "Polisi wenyewe wanakula hongo, wanasiasa wanaiba mabilioni, na mimi mnanishika kwa kuku?" Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Hatumjibu kijana kwa kumwambia kwamba wakubwa hawaibi, maana atatuona waongo na mazungumzo yataishia hapo. Tunamwambia: ni kweli wanaiba, na ni vibaya. Sasa tuongee juu ya yule mama aliyepoteza kuku, maana yeye si polisi wala mwanasiasa. Ajabu ni kwamba wengi hunyamaza hapo. Hawakuwa wamemfikiria kabisa yule mama.

Ya tano ni utiifu kwa kundi: nilifanya kwa ajili ya wenzangu, ukoo wangu, watu wetu. Huko Mlima Elgon, kati ya mwaka 2006 na 2008, wapiganaji wa SLDF, kundi la Wasabaot lililojihami kwa silaha, waliambiwa wanapigania ardhi ya mababu. Malalamiko ya ardhi ya Chebyuk yalikuwa ya kweli, ya miaka mingi. Lakini kutoka kwenye malalamiko ya kweli walifika mahali pa kuwaua majirani na kuwakata masikio, wakiwemo Wasabaot wenzao. Aliyejipa ruhusa kwa jina la kundi ni hatari kuliko anayejipa kwa jina la tumbo lake. Mwenye tumbo hushiba.

Wataalamu wanasema mhalifu ana "maadili ya ngazi ya chini". Maana yake nini?

Jean Piaget, msomi wa Uswisi, alikaa na watoto wakicheza gololi akawauliza kanuni za mchezo zinatoka wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1932. Aliona kwamba mtoto mdogo hupima kosa kwa ukubwa wa hasara, na mtoto mkubwa huanza kuuliza nia. Lawrence Kohlberg akaendeleza kazi hiyo kwenye tasnifu yake ya mwaka 1958, akiwahoji wavulana 72 wa Chicago. Aliwasimulia kisa cha mwanamume ambaye mkewe anakufa kwa saratani na dawa ipo, lakini mwenye dawa ameitia bei isiyoshikika. Je, aibe? Kohlberg hakujali sana kama kijana alijibu ndiyo au hapana. Alisikiliza sababu.

Tuulete hapa. Konda wa matatu ya Nakuru kwenda Kisumu amekosea, amekurudishia chenji ya noti ya elfu moja ilhali ulimpa ya mia tano. Watu watatu wote wanarudisha ile pesa. Wa kwanza anaogopa kwamba konda atakumbuka na kumtafuta. Wa pili ni mwalimu, na abiria wa nyuma anamfahamu. Wa tatu anajua kwamba jioni konda atahesabiana na mwenye gari, na pengo litatoka kwenye mshahara wa mtu asiye na kosa kubwa. Tendo ni moja, ila mizizi yake ni mitatu. Kohlberg aliigawa mizizi hiyo katika ngazi tatu, ya chini ikiwa ile ya hofu, kila ngazi ikiwa na hatua mbili.

Sasa ondoa hofu ya kukumbukwa na uondoe yule abiria wa nyuma. Ni wa tatu peke yake ambaye bado atarudisha.

Carol Gilligan alimkosoa Kohlberg mwaka 1982 kwamba alijenga ngazi zake juu ya wavulana tu, na kwamba kujali watu ni njia kamili ya kupima mema, haipaswi kuwekwa chini ya sheria na haki. Tunadhani alikuwa na hoja. Akina mama wa vyama vya kuzikana kule Vihiga hawaongei lugha ya Kohlberg, lakini wanajua nani anadaiwa nini.

Kwa hiyo wahalifu wote wamebaki ngazi ya kwanza?

La. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Geert Jan Stams waliunganisha tafiti 50 zilizowalinganisha vijana wahalifu na vijana wengine, na kwa jumla wale wahalifu walipima mambo kwa ngazi ya chini zaidi. Tofauti ilikuwa kubwa, na haikufutika hata walipozingatia hali ya maisha ya familia.

Lakini kuwaza vizuri hakumzuii mtu kutenda vibaya. Mhasibu anayekula pesa za basari ya watoto maskini anaweza kukuandikia insha nzuri ya uadilifu. Ngazi ya chini huacha mlango wazi kwa visingizio, ila wapo watu wenye ngazi ya juu ambao hujitengenezea mlango wao.

"Fikra potofu" ni nini basi? Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Ni namna iliyopinda ya kusoma mambo ambayo mtu ameizoea hadi haioni tena. John Gibbs, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na vijana wa magereza ya watoto, alizigawa katika makundi manne. La kwanza ni mzizi: mimi kwanza, ninachokitaka sasa hivi ndicho chenye uzito. Matatu mengine huulinda mzizi huo dhidi ya dhamiri. Mtu huwalaumu wengine, hupunguza uzito wa kosa au kulipa jina laini, na hudhania mabaya kutoka kwa kila mtu.

Hili la mwisho tulichimbe, kwa sababu linatuzika watoto. Kenneth Dodge, katika utafiti uliotoka mwaka 1980, aliwapa wavulana hali isiyoeleweka vizuri: mwenzako ameharibu kitu chako, huna hakika kama ni makusudi. Wavulana wenye ugomvi waliona makusudi mahali ambapo wenzao waliona ajali. Nenda sasa kwenye disko matanga, saa nane za usiku, kijana amekanyagwa kiatu. Nenda kwenye steji ya bodaboda, mmoja amechukua abiria ambaye mwingine alidhani ni wake. Ukimuuliza baadaye kilichotokea atakuambia, "Alinidharau." Hatasema alikanyagwa au alipoteza shilingi hamsini. Dharau hiyo aliisoma mwenyewe usoni mwa mwenzake ndani ya sekunde mbili, na kwa sekunde hizo mbili mtu amekufa na mwingine amefungwa Kodiaga.

Hajidanganyi kwa makusudi. Wengi wao wamelelewa mahali ambapo kudhania mabaya kuliwaokoa. Mtoto aliyekua akipigwa na kila mtu mkubwa hujifunza kuuona mkono kabla haujainuliwa. Ujuzi huo unamlinda akiwa na miaka saba, na unamwangamiza akiwa na ishirini.

Nimesoma kwamba kuna makosa 52 ya fikra za mhalifu. Ni kweli?

Idadi hiyo inatoka kwa Samuel Yochelson na Stanton Samenow, waliofanya kazi na wanaume waliokuwa katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington na kuanza kuchapisha matokeo mwaka 1976. Walifanya jambo la maana: walimwambia mhalifu kwamba fikra zake ni zake na anaweza kuzibadilisha. Ila hawakuwalinganisha watu wao na wasio wahalifu, na mengi ya makosa hayo 52 ni yale ambayo jirani yako mwema anayo. Usiitumie orodha hiyo kumtambua mhalifu.

Vijana wa utapeli wa simu hapa Nakuru ni werevu. Nao wana fikra potofu?

Wanazo, na zao ni ngumu kuzifikia kwa sababu hawamwoni mtu wanayemuumiza. Mporaji wa barabarani angalau huona macho ya mwenye simu. Anayepiga simu kutoka chumba cha kupanga Rhonda au Kaptembwo akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu husikia sauti tu, kisha namba ya siri, kisha pesa zimeingia. Kisingizio chake ni kwamba anayetapeliwa ni mjinga, na mjinga hulipa ada ya ujinga wake. Wengine huongeza kwamba hawajamwaga damu.

Tunachokifanya katika vikao ni kumrudisha mtu kwenye ile sauti. Tunasimulia kilichotokea upande wa pili. Mzee wa Butere aliuza kichaka cha miti ili mjukuu aende kidato cha kwanza. Pesa zilikaa kwenye simu usiku mmoja, na asubuhi akapigiwa. Mjukuu aliripoti shuleni muhula wa pili. Hatuwaulizi vijana kama hilo ni kosa. Tunawauliza mzee alimwambia nini mjukuu jioni ile. Mwenye kujibu swali hilo kwa uaminifu hawezi tena kusema "mjinga" kwa wepesi ule ule. Sheria nayo haikungoji umwage damu: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 ina faini na vifungo vizito kwa ulaghai wa namna hii.

Na sisi tunaomchoma mwizi akishikwa? Hiyo si haki tu?

Ni mauaji. Tunalisema wazi kwa sababu swali hili huulizwa na watu wema, wanaoenda kanisani na msikitini, wenye watoto.

Angalia ruhusa wanazojipa. Alijitakia. Polisi wangemwachilia. Kila mtu alirusha jiwe, langu halikumuua. Huyo si mtu, ni mwizi tu. Hizi ni zile zile za kijana wa Kondele, neno kwa neno. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyezaliwa Kanada na kufundisha Marekani, alieleza kwa undani jinsi watu wa kawaida wanavyoizima dhamiri: hulipa tendo jina zuri, hugawana lawama hadi hakuna anayebeba, na humvua mtu utu kabla ya kumgusa. Sehemu ya kugawana lawama ndiyo inayotufanya tusilale vizuri tukiiwaza. Umati wa watu hamsini una mkono mmoja wa kuua na mikono hamsini isiyo na damu. Sheria ya Kenya haikubali hesabu hiyo. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wenye nia moja wanaotenda pamoja hubeba kosa pamoja, aliyeleta tairi na aliyewasha kiberiti.

Nakuru inajua jambo hili kwa uchungu. Januari 2008, hapa na Naivasha, maneno yalitangulia panga. Katika Bonde la Ufa majirani walikuwa wameitwa madoadoa, na doa ni kitu cha kuondolewa. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko yale ya baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Wengi wa waliowaua walikuwa hawajawahi kufungwa hata siku moja. Walikuwa mafundi, wakulima, wauzaji wa mitumba. Kwa hiyo tunapowaambia wanakijiji kwamba fikra potofu ni jambo la kila mtu, hatusemi hivyo ili kuwafariji wahalifu. Tunasema kwa sababu tuliishi hapa mwaka ule.

Mwizi akishikwa mtaani kwenu, mtu mmoja akisema kwa sauti jina lake na jina la mamake, mara nyingine umati hupoa. Mwenye jina ni vigumu kumchoma.

Umaskini je? Mnasahau kwamba vijana hawana kazi.

Hatusahau. Ila ukitazama mtaa mzima wa Obunga au Manyatta, maskini walio wengi hawaibi, na wanaoibiwa zaidi ni maskini wenzao. Umaskini huifanya ruhusa iwe rahisi kuaminika, na hilo ni jambo kubwa.

Utafiti tunaoupenda zaidi ulifanyika Afrika, mjini Monrovia, Liberia. Christopher Blattman na wenzake waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na vurugu. Baadhi walipewa mafunzo ya kurekebisha fikra na tabia kwa wiki nane, baadhi walipewa dola 200, baadhi vyote viwili, na baadhi hawakupewa kitu. Mwaka mmoja baadaye, waliopata pesa tupu walikuwa wamerudi walipokuwa. Waliopata mafunzo tu walikuwa wamebadilika kiasi, lakini mabadiliko yakififia. Waliopata vyote viwili ndio waliodumu. Walipotafutwa tena baada ya miaka 10, uhalifu na ukatili wao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu ukilinganisha na wale ambao hawakupewa chochote. Wanaotuambia tuwape vijana mtaji tu, na wanaotuambia tuwape mawaidha tu, wote tunawaonyesha Monrovia.

Ni pombe na bangi tu. Zikiondolewa uhalifu utaisha?

Hautaisha, ingawa utapungua. Chang'aa hufungua mkono uliokuwa tayari umekunjwa. Wengine hunywa kwanza ili waweze kufanya walichokwisha kuamua.

Mtoto mdogo anaweza kuitwa mhalifu?

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba kosa la jinai, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya hadi korti ithibitishiwe vinginevyo. Zamani umri huo ulikuwa miaka minane. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mtoto kuondolewa kwenye njia ya korti na kushughulikiwa kwa ushauri, msamaha na fidia. Wavulana kuanzia miaka 15 hadi 17 wanaweza kupelekwa Borstal, yaani taasisi ya kurekebisha vijana wahalifu, kama ile ya Shikusa kaunti ya Kakamega, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Mwenye mtoto wa miaka tisa aliyeiba asikubali kutishwa kwamba atafungwa.

Na mgonjwa wa akili?

Hilo ni jambo jingine kabisa. Kanuni ya Adhabu humhesabu kila mtu kuwa na akili timamu, kisha kifungu cha 12 kinampa kinga ambaye ugonjwa ulimnyima uwezo wa kuelewa anachofanya au kujua kwamba hapaswi kukifanya. Mwenye fikra potofu anajua vyote viwili. Na wagonjwa wengi wa akili hawajamdhuru mtu yeyote, wao ndio wanaodhuriwa.

Mtu aliyezoea hivyo anaweza kubadilika kweli?

Wengi wanaweza, lakini si wote. Nana Landenberger na Mark Lipsey walichapisha mwaka 2005 mapitio ya tafiti 58 za tiba ya fikra na tabia kwa wahalifu. Kwa wastani, mahali ambapo watu 40 kati ya 100 wangerudia makosa, walirudia 30. Tunawaambia wazazi namba hiyo bila kuipamba. Watu 10 kati ya 100 ni nyumba 10 ambazo hazikuvunjwa, au watu 10 waliofika nyumbani salama.

Kazi yenyewe haina siri. Chicago kuna programu ya wavulana wa shule ambamo kikao cha kwanza huwa hivi: mmoja anapewa mpira, mwenzake anaambiwa ana sekunde thelathini kuuchukua. Wanavutana, wanabanana, wanaangushana. Kisha mwongozaji anauliza, mbona hukumwomba? Mara nyingi jibu ni kwamba asingenipa, angeniona mnyonge. Mwenye mpira naye anaulizwa, na anasema angeombwa angetoa, ni mpira tu. Vijana wa programu hiyo walikamatwa kwa makosa ya ukatili mara chache zaidi, karibu nusu, wakati wakiwa ndani yake. Programu ilipoisha athari hiyo ikafifia. Ndiyo maana hatuamini semina ya siku moja yenye soda na mkate.

Je, kila kisingizio ni kibaya? Mimi pia nikikosea hujitetea.

Swali zuri, na ni la haki. Shadd Maruna na Ruth Mann waliandika mwaka 2006 kwamba kujitetea ni jambo la kila binadamu, na kwamba si kila kisingizio cha baada ya kosa kinaonyesha mtu atarudia. Maruna alikuwa ameshazungumza na watu wa Liverpool, walioacha uhalifu na ambao hawakuacha. Walioacha hawakuwa wale waliojiita waovu. Walikuwa wale waliosema: mimi ndani ni mtu mwema, nilipotea, na sasa nina kitu cha kutoa. Ambao hawakuacha walijiona wameshahukumiwa na maisha.

Kwa hiyo tunatofautisha. Kisingizio kinachotazama nyuma na kulinda heshima ya mtu huku akilipa deni lake, tunakivumilia. Kinachotazama mbele na kufungua mlango wa tendo lijalo, hicho hatukiachi kipite. Afisa wa probesheni anayemlazimisha mtu kusema "mimi ni jambazi" mbele ya mamake anaamini anamsaidia. Tunamwomba aache.

Mwanangu wa miaka kumi na nne ameanza kuiba. Nimwambie nini?

Mama, baba, kwanza usimpige. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kipigo, lakini hata kama isingekuwa hivyo, kiboko humrudisha kwenye ngazi ya kwanza ile ya Kohlberg. Humfundisha kuhesabu nani anaona. Tumekutana na vijana wengi waliokunjwa wakiwa wabichi kwa fimbo, na walichojifunza ni kuiba usiku.

Usimuulize "kwa nini umefanya hivi?" Swali hilo linaomba kisingizio, naye atakupa. Muulize dakika tano kabla. Ulikuwa wapi? Nani alikuwepo? Ulijiambia nini? Atasema "sikuwaza chochote." Ngoja. Rudia polepole. Ukipata sentensi moja, kwa mfano "nilisema mjomba ana nyingi," umepata kitu cha kufanyia kazi. Sasa mnaweza kuipima pamoja. Mjomba ana ngapi? Alizipataje? Akijua ni wewe atakaa vipi nawe mezani Krismasi?

Kisha arudishe alichochukua, mwenyewe, kwa mkono wake, wewe ukiwa karibu. Na jichunguze unavyoongea nyumbani. Mtoto anayekusikia ukisema "mwambie sipo" mwenye nyumba anapobisha, au anayekuona ukimpa askari wa barabarani noti iliyokunjwa, anasoma darasa la visingizio kwa mwalimu anayempenda kuliko wote.

Mtoto wa jirani amenajisiwa na wazee wamekaa, wamekubaliana mbuzi na pesa. Si ndiyo upatanisho wa Katiba?

Hapana. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanisho, lakini hakikuandikwa ili kuficha unajisi wa mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Kikao cha mbuzi ni kukana madhara, ila safari hii anayekana ni ukoo mzima. Mwanamume ameshajipa ruhusa mara moja, na wazee wamempa ya pili. Mpeleke mtoto hospitalini mapema, ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia virusi zifanye kazi, asioge na nguo zake zisifuliwe. Ripoti polisi. Namba 116 ni ya bure kwa ajili ya watoto.

Ndugu yangu anatoka Kodiaga mwezi ujao. Tumpokeeje?

Msimfanyie sherehe wala kesi. Mpe kazi yenye kuonekana wiki ya kwanza: shamba, banda la kurekebisha, wazee wa kupeleka zahanati. Awe na kitu cha kutoa, kama wale wa Liverpool. Mtu mmoja tu wa familia, anayemheshimu, apewe jukumu la kumuuliza lile swali la dakika tano kabla, kila anapomwona akianza kusema "hawa watu wa hapa wananitafuta." Marafiki wa zamani watakuja ndani ya siku chache, wakiwa na pesa, na watamwambia wao ndio waliomkumbuka. Mtangulieni. Kama ana amri ya probesheni au ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, nendeni naye siku ya kwanza kwenye ofisi ya probesheni ya kaunti ndogo yenu, na mumwachie afisa namba ya simu ya huyo mtu mmoja mliyemchagua.